Mwongozo kamili wa kujiunga na haiki ya kundi kwenye kisiwa cha tropiki, toka siku unayolipia mpaka wiki baada ya kurudi

Ukifika kwenye kisiwa cha tropiki kila mtu anakuelekeza baharini, na bahari ni nzuri hakuna ubishi, ila ndani ya kisiwa ndiko kuna msitu, mito, maporomoko na viumbe ambao wengine hawapo sehemu nyingine yoyote duniani, na njia nzuri ya kuwaona ni kujiunga na kundi lenye mwongozaji mkatembea kwa miguu, ndo haiki yenyewe. Nasema kundi na mwongozaji kwa makusudi kabisa, sio kwenda peke yako na ramani ya kwenye simu, manake njia za msituni zinabadilika, mvua ya usiku mmoja inaangusha mti, udongo unaporomoka, mto unakata njia, na ramani haina habari.

Sasa kitu ambacho matangazo hayakuambii ni kwamba kinachoamua kama siku yako itakuwa ya raha au ya mateso sio viatu vya bei mbaya, ni yale maongezi kati yako na mwongozaji kabla hamjaanza kutembea. Maswali utakayomuuliza na majibu ya kweli utakayompa akikuuliza wewe. Mengine yote hapa chini yana umuhimu wake ila hili ndo nitalikazania, utaniona narudia.

Hatua ya 1: Kijue kisiwa kabla hujachagua njia

Kisiwa chenye mlima katikati kina hali ya hewa mbili au tatu kwa siku moja. Upepo wa bahari unagonga mlima, hewa inapanda, inapoa, mvua inamwagika upande ule ule, alafu upande wa pili unabaki mkavu. Mfano mzuri ni Kauai kule Hawaii, mlima Waialeale unapata zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka, wakati pwani ya upande mkavu wa kisiwa hicho hicho inapata kama 500 hivi. Kwa hiyo ukiangalia jua linavyowaka hotelini ukasema leo hakuna mvua, unajidanganya, uliza hali ya hewa ya pale mnapokwenda. Na mvua ya visiwani sio ya kuchezea, kisiwa cha Réunion kule Bahari ya Hindi mwezi Januari 1966 ilinyesha milimita 1,825 ndani ya saa 24 wakati wa kimbunga, rekodi ya dunia.

Joto nalo linapungua kadri unavyopanda, kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, ina maana pwani ikiwa 30, juu kwenye mita 3,000 ni kama 10, na ukiwa umelowa jasho kukiwa na upepo hiyo 10 utaitambua. Mlima Kinabalu kwenye kisiwa cha Borneo una mita 4,095 na kule kileleni alfajiri baridi inakaribia kugandisha, japo uko tropiki kabisa. Lakini jua huko juu linazidi kuunguza, mionzi yake inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwahiyo ubaridi usikufanye uache kofia.

Kitu kingine ni giza. Karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, na jua likishazama hauna hata nusu saa kabla ya kiza kamili, na chini ya miti mikubwa giza linaanza mapema zaidi. Haiki nzuri inapangwa muwe mmeshatoka msituni saa moja au mbili kabla ya jua kuzama.

Angalia pia msimu. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga vinakuja zaidi kati ya Novemba na Aprili, Karibiani ni Juni mpaka Novemba, na visiwa vilivyo karibu kabisa na ikweta kwa kawaida havipigwi na vimbunga ila vina misimu yao ya mvua kubwa. Na kama kisiwa ni tambarare, cha jiwe la matumbawe, shida yako sio mlima, shida ni maji ya bahari. Njia za kwenye mikoko na ufukweni zinatembelewa maji yakipwa, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakuja juu zaidi na haraka zaidi. Muulize mwongozaji saa ya maji kujaa, asipojua hapo hapo ujue kuna kasoro.

Hatua ya 2: Chagua msafara kwa kuuliza maswali

Usilipe kabla hujauliza, tena uliza kwa meseji ili majibu yabaki kwenye simu. Anayeendesha msafara vizuri hakasiriki kuulizwa, anafurahi, manake mteja anayeuliza ndo anayejiandaa.

Swali la kwanza ni nani hasa atatuongoza. Sio ofisi, mtu. Ana leseni au kitambulisho cha hifadhi, amepita njia hii mara ya mwisho lini, amesomea huduma ya kwanza? Sehemu nyingi kwenye hifadhi huruhusiwi hata kuingia bila mwongozaji aliyesajiliwa, Kinabalu kwa mfano ni lazima, na kuna idadi maalum ya watu kwa siku kwahiyo nafasi zinaisha miezi kadhaa kabla. Mi napendelea mwongozaji aliyekulia maeneo hayo hata kama hazungumzi lugha tano, anajua mto upi unajaa haraka na anasikia ndege gani amelia kabla wewe hujajua kama kuna ndege.

La pili, kundi lina watu wangapi na waongozaji wangapi. Kundi la watu 8 au 10 na waongozaji wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, hilo ni kundi la kutembea. Watu 25 na kiongozi mmoja ni foleni, hutaona mnyama hata mmoja kwa kelele, na mtu wa mwisho akiteguka mguu wa mbele hajui. Yule wa nyuma kabisa ndo muhimu kuliko unavyofikiri, uliza kabisa yupo au hayupo.

La tatu, njia ina urefu gani na mnapanda kiasi gani. Ukiambiwa kilomita 8 tu hujaambiwa kitu. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Uskoti anaitwa William Naismith, ya mwaka 1892, inasema hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mzima wa afya kwenye njia nzuri, sasa weka matope, mizizi, joto, kusimama kuangalia ndege na kundi lenye watu wa kila aina, mi nachukua jibu la Naismith naongeza nusu yake au hata kulizidisha mara mbili. Kwahiyo kilomita 8 zenye kupanda mita 600 kwenye karatasi ni saa 2 na dakika 36, ila msituni jiandae kwa saa 4 mpaka 5. Ukiona tangazo linasema saa 2 na nusu kwa njia kama hiyo, au hawajui kuhesabu au watawakimbiza.

La nne, nini kinatokea hali ya hewa ikiharibika. Jibu unalolitaka ni tunaahirisha, au tunarudi njiani, na hela unarudishiwa au unapewa siku nyingine. Jibu la kuogopa ni "sisi tunaendaga tu mvua jua". Msafara ambao mwongozaji anapoteza malipo yake akiwarudisha watu njiani unamsukuma afanye maamuzi mabaya, kwahiyo utaratibu wa marejesho unahusu usalama wako moja kwa moja.

Na la mwisho, wana mawasiliano gani sehemu isiyo na netiweki, redio au simu ya setilaiti, na hospitali ya karibu iko mbali kiasi gani. Alafu madogo madogo ambayo yakisahaulika yanaudhi: ada ya hifadhi imo kwenye bei au hapana, usafiri wa kurudi upo, maji wanatoa au unabeba, choo kipo wapi, kuna kuvuka mto, kuna kushika kamba.

Hatua ya 3: Mwambie mwongozaji ukweli kuhusu mwili wako

Hapa ndo nilikuwa naelekea. Watu wanaona aibu. Mtu ana pumu anaificha, mwingine goti lilifanyiwa upasuaji, mwingine ana presha, kisukari, kifafa, ni mjamzito, anaogopa urefu, hajui kuogelea, anaona atatengwa au kundi litamuona mzigo. Ukificha hilo jambo unamwongoza mwongozaji vibaya, yeye anapanga mwendo, mapumziko na njia kwa taarifa alizonazo, sasa ukimpa taarifa za uongo amepanga siku ya mtu mwingine ambaye sio wewe.

Mwambie mapema, wakati wa kuweka nafasi, alafu mkumbushe asubuhi ile pembeni wawili tu kama hutaki wote wasikie. Mwambie unatumia dawa gani na iko mfuko upi wa begi, pampu ya pumu usiifungie chini kabisa. Kama una aleji ya nyuki au nyigu ambayo iliwahi kukubana pumzi, beba sindano yako ya adrenalini, na mfundishe mtu mmoja namna ya kuitumia, isiwe wewe tu unayejua.

Kwenye kiwango cha mwili, jipime hivi kabla hujalipa: tembea haraka saa moja na nusu bila kusimama ukiwa na begi la kilo 5, alafu panda ngazi za ghorofa kumi kwa mwendo wako. Kama umemaliza na unaweza kuongea sentensi nzima, haiki ya kiwango cha kati inakufaa. Kama hukuweza, chagua fupi, hakuna aibu, njia fupi mara nyingi ndo zenye wanyama wengi manake watu wanatulia. Na mwenza wako asikuburuze kwenye njia ngumu eti mkae pamoja, hapo mmoja atateseka na mwingine atanuna.

Hatua ya 4: Panga siku yenyewe vizuri

Usiweke haiki siku ya kwanza baada ya kushuka ndege kama unatoka sehemu ya baridi. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea joto kamili, na sehemu kubwa ya mabadiliko inakuja siku za mwanzo, kwahiyo hata siku tatu nne za kutembea kidogo kidogo asubuhi na jioni zinasaidia sana. Siku ya mwisho pia usiweke, gari likikwama au mvua ikawachelewesha unakosa ndege au boti.

Kuna hili ambalo kisiwani watu wengi hawalijui: kama umepiga mbizi na mtungi, usipande mlima muda mfupi baadaye. Hewa ya nitrojeni imejaa mwilini na ukienda juu, kuanzia kama mita 600, inaweza kukuletea ugonjwa wa mzamiaji kama vile umepanda ndege. Wapiga mbizi wanashauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, 18 kama umezama mara kadhaa, na wengi wanasema kaa 24 tu uwe na amani. Kwahiyo mlima kwanza, mbizi baadaye. Kuogelea na miwani juu juu hakuna shida.

Bima ya safari nayo isome. Nyingi zinakatiza kwenye urefu fulani wa mlima au zinasema shughuli hatarishi hazimo, na kumshusha mtu mlimani kwa helikopta ni hela ndefu. Chanjo uliza kliniki wiki sita hivi kabla, na kama unapita nchi yenye homa ya manjano cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Malaria inategemea kisiwa, vingine ipo vingine haipo kabisa, usibahatishe.

Hatua ya 5: Nguo na begi

Viatu. Raba za haiki zenye meno makali chini zinatosha kwa njia nyingi, sio lazima buti refu, ila ziwe umeshazivaa wiki mbili tatu, kiatu kipya mlimani ni malengelenge ya uhakika. Nunua kimezidi kidogo mbele ili wakati wa kushuka vidole visigonge, na kata kucha siku mbili kabla. Kandambili na viatu vya mpira vya ufukweni hapana, hata kama mwongozaji amevaa, yeye mguu wake umezoea. Kwenye visiwa vya jiwe la matumbawe soli iwe nene, lile jiwe linakata kama wembe na kidonda chake kinakawia kupona.

Nguo ziwe nyepesi za kukauka haraka, suruali ndefu na shati la mikono mirefu, utafikiria utaona joto lakini kumbe zinakukinga na jua, mbu, miiba na upupu kwa mpigo. Jinzi iache, ikilowa inakuwa nzito na inachubua mapaja. Soksi jozi mbili, moja ivae moja ifunge kwenye mfuko mkavu, kubadilisha soksi katikati ya safari ni raha ambayo huwezi kumwelezea mtu hajajaribu.

Ndani ya begi weka kwanza mfuko mkubwa wa plastiki ule mgumu, vitu vyote viingie humo, begi linalosemekana halipitishi maji linapitisha. Alafu maji lita 2 mpaka 3 kwa nusu siku, koti jepesi la mvua, tochi ya kichwani hata kama mnarudi saa nane mchana, filimbi, pawabanki, plasta na bandeji, dawa zako, sabuni ya mikono, mfuko wa taka, kofia yenye ukingo. Chakula kiwe na chumvi na sukari vyote, karanga, biskuti, matunda makavu, mkate. Paketi mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinakaa kwenye kiganja na zinaokoa siku. Ukikosa paketi, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo, usizidishe chumvi.

Losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu pakaa kwanza, iache ikauke, ndo upake ya kufukuza mbu juu yake, yenye DEET asilimia 20 mpaka 30 inatosha. DEET inayeyusha aina fulani za plastiki, kwahiyo futa viganja kabla ya kushika simu na miwani. Kama haiki inaishia kwenye mto au bahari, kumbuka visiwa vingine vina sheria, Hawaii toka 2021 losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati haziuzwi kwa sababu ya matumbawe.

Na kabla hujaondoka sugua viatu vyako. Kweli kabisa, brashi, toa udongo wote uliokwama kwenye meno, na ukiweza pulizia spiriti ya asilimia 70. Viumbe vya kisiwani vimekua peke yao muda mrefu sana, ugonjwa mgeni ukiingia hawana kinga. Hawaii kuna kuvu inayoua miti ya ohia, ilithibitishwa 2014, na udongo kwenye viatu ni moja ya njia zinazoisambaza. Ndege dodo wa kisiwa cha Morisi alikwisha karne ya 17 kwa watu na wanyama waliokuja na meli. Hii hatua inachukua dakika tano.

Hatua ya 6: Usiku na asubuhi yake

Lala mapema, pombe iache usiku huo, kunywa maji ya kutosha mpaka mkojo uwe mweupe mweupe. Chaji simu, pakua ramani ya eneo, mtumie mtu ambaye haendi jina la njia na saa mnayotarajia kurudi. Asubuhi kula kitu kinachokaa tumboni, usijaribu chakula kigeni siku hiyo. Fika dakika 15 kabla, na wakati wa maelezo ya mwongozaji weka simu mfukoni. Sikiliza ishara mtakazotumia, sehemu mtakazokutana kama mtu akipotea, nani yuko nyuma. Msikie wenzako wanavyojieleza pia, utajua nani atahitaji mkono kwenye mawe.

Hatua ya 7: Kutembea kama kundi

Kundi linakwenda kwa mwendo wa mtu wa polepole kuliko wote, na hiyo ni sheria, sio huruma. Mwongozaji mzuri anamuweka huyo mtu karibu na mbele, pale pale nyuma yake, sio mwisho, kwa sababu wa mwisho akifika pale wengine wamepumzika wao wanainuka, yeye hapati pumziko hata kidogo mchana kutwa. Ukiona kundi lako linamwacha mwisho, mwambie mwongozaji kwa upole, atakuelewa.

Kama we ndo wa polepole, sema mapema. Sema ukiwa na pumzi bado, usisubiri miguu itetemeke. Maneno yanatosha, "kiongozi naomba tupunguze kidogo". Na kama una nguvu sana na unachoka kusubiri, usiende mbele ya mwongozaji, hata hatua kumi, hata kama njia inaonekana wazi. Njia panda za msituni hazina kibao na mtu mmoja aliyetangulia anasimamisha kundi zima saa nzima kumtafuta. Ukitaka kujisaidia mwambie wa nyuma, acha begi njiani ili lionekane, usiingie ndani sana.

Acha nafasi ya hatua mbili tatu kati yako na wa mbele, tawi likirudi lisikupige jicho. Shikilia mti baada ya kuuangalia, manake mwingine una miiba na mwingine umeoza, na mkono usiingize kwenye shimo au chini ya gogo ambako huoni, huko ndo anakaa tandu, nge na nyoka. Kwenye kushuka piga hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, mguu mzima uguse chini. Watu wengi wanaumia wakati wa kurudi, wamechoka na akili imeshafika nyumbani.

Maji kunywa kidogo kidogo kila dakika 15 au 20, ila usiyanywe kwa ushindani pia, maji matupu mengi kupita kiasi yanashusha chumvi mwilini na dalili zake ni kichefuchefu na kichwa kuuma, unadhani umekaukiwa unazidi kunywa. Kula chenye chumvi katikati.

Na wakati mwingine nyamaza. Mwombe mwongozaji awape dakika kumi za kimya mkiwa mmesimama. Msitu unarudi kwenye shughuli zake, ndege wanashuka, nyani wanasogea, mijusi inatoka. Wengi wanalalamika hawakuona kitu na walikuwa wanaongea njia nzima.

Hatua ya 8: Mito, mvua na radi

Hapa ndo watu wanakufa kwenye haiki za visiwani kwa hiyo ntakuwa mkali. Mito ya kisiwani ni mifupi na mikali, mvua ikinyesha juu mlimani maji yanaweza kukufikia chini kwa dakika chache wakati we uko kwenye jua. Dalili ni maji kubadilika rangi kuwa ya tope, majani na vijiti kuanza kuelea, mngurumo kutoka juu, maji kupanda kwenye jiwe ulilokuwa unaliangalia. Ukiona moja tu kati ya hizo, panda juu kwanza, begi na viatu baadaye. Maji ya mbio yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwahiyo "yanafika kwenye kifundo tu" sio hoja.

Mkivuka mto ulio salama, fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili ukianguka ulivue, vukeni sehemu pana sio nyembamba, angalia chini kuna nini, kama kuna maporomoko chini hapo sio kivuko. Mto ukijaa mkiwa ng'ambo, subirini. Mito hii inayojaa haraka mara nyingi inapungua haraka pia, saa chache za kukaa mmelowa na njaa ni bora kabisa. Radi ikianza, shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima, msikae chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, achianeni nafasi.

Mwongozaji akisema tunarudi, mnarudi. Usimbembeleze, usimwambie umelipa na umetoka mbali, na usikubali mwenzako ambembeleze. Yeye anabeba watu kumi kichwani na shinikizo la wateja ndo linalomfanya mtu mwenye akili zake avushe kundi pale ambapo angekuwa peke yake asingevuka. Ukisikia wengine wananung'unika, we sema kwa sauti "mi naona sawa turudi", neno hilo moja linampa nguvu.

Hatua ya 9: Viumbe na mimea

Usile wala kugusa usichokijua. Karibiani kuna mti unaitwa manchineel, tunda lake kama tofaa dogo la kijani, utomvu wake unababua ngozi na hata kujikinga mvua chini yake ni hatari. Upupu upo sehemu nyingi za tropiki, ukikupata usikune, vua nguo ile, bandua vinyoya kwa utepe wa gundi (selotepu) alafu nawa.

Wanyama wape nafasi, mita kadhaa hata kama wao wanasogea, usiwalishe, usipige picha kwa mwanga wa flashi. Kima punju wa Unguja kwa mfano anavumilia watu karibu sana, ila mafua yako yanaweza kumfikia, na ukiwa unaumwa baki nyumbani au vaa barakoa. Ruba akikushika usimchome moto wala kummwagia chumvi, teleza ukucha chini ya mdomo wake mwembamba atatoka, damu itatiririka kidogo, safisha. Nyoka akikuuma kaa tulia, vua pete na saa, tuliza kiungo kilichoumwa kisichezecheze, nendeni hospitali, hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba kwa nguvu.

Hatua ya 10: Mtu akizidiwa

Angalianeni usoni kila mapumziko. Anayetoka jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukaza, huyo amechoka na joto, kivulini, begi lishuke, ORS, apumzike vya kutosha na msiendelee kupanda naye. Lakini akianza kuongea visivyoeleweka, kuyumba, kukasirika bila sababu au kuzimia, hiyo ni dharura, mwili umeshapita nyuzi 40, mwagieni maji mwili mzima na kumpepea saa hiyo hiyo, msisubiri gari, kupoza kwanza ndo kusafirisha. Asinyweshwe kitu kama hajielewi.

Zaidi ya mita 2,500 kichwa kuuma na kutapika hesabu ni ugonjwa wa mlima, msipande zaidi, na akizidi anashuka hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Mkipotea, simameni mlipo, filimbi mara tatu mnanyamaza mnarudia.

Hatua ya 11: Mkirudi

Hesabuni watu kabla gari halijaondoka. Mshukuru mwongozaji na wa nyuma yake kwa majina, bakshishi kama utaratibu wa pale unaruhusu mpe mkononi, na kama kuna jambo halikukaa sawa mwambie yeye au ofisi yao waziwazi siku hiyo hiyo ili kundi la kesho lifaidike. Sugua viatu tena usibebe udongo kwenda kisiwa kingine. Oga, jikague kupe kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio, mtoe kwa kibanio ukivuta taratibu moja kwa moja.

Alafu hili watu wanasahau kabisa. Kwenye mito na madimbwi ya tropiki kuna bakteria wa leptospira, wanatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na wanaingia kupitia vidonda, kwahiyo kama ulivuka au kuogelea mtoni ukiwa na michubuko, ukapata homa, misuli ya miguu kuuma na macho kuwa mekundu muda wowote ndani ya mwezi mmoja, nenda hospitali na umwambie daktari bila kuulizwa kwamba ulikuwa kisiwa gani, uliingia mto lini, na kama kulikuwa na mbu, apime na malaria kwa pamoja.